Punje Mbili za Tunda Moja

Byabato aliing'ata punje ya kahawa kwa magego, akafumba macho, akasema bado ina maji, irudi juani siku mbili. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na nilishatoa jibu langu: imekauka. Dhirubhai akapasua nyingine kwa kisu, akaitazama, kisha akampa Byabato mkono. Kazi ilikuwa moja tu, na ndiyo hiyo ikawa imekwenda.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, dukani Miembeni. Miezi mitano kabla, kiwanda cha serikali cha kukoboa kahawa kilikuwa kimetupunguza watu mia na ushee kwa barua ya mistari minne. Nilikuwa nimekagua kahawa pale miaka kumi na miwili, meza moja na Byabato. Sasa kununua kahawa kulikuwa ruksa kwa kila mwenye mtaji, na Dhirubhai, muuza vitenge na sabuni, alitaka mtu wa kumkagulia magunia ya wakulima.

Siku tuliyokwenda kuomba, kimbelembele kilikuwa changu. Nilimweleza Dhirubhai kwamba mimi na Byabato hatutenganishwi. Tuliporudi kutoka vitani, mwaka sabini na tisa, tulikula omukago, udugu wa damu, kwao Muleba: tulichanjwa chale karibu na kitovu, kila mmoja akameza punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake, punje mbili za tunda moja. Nilidhani atatuchukua wote wawili. Mama yake Dhirubhai, Manorama, mzaliwa wa Bukoba anayekisema Kihaya kutushinda, alisikiliza akichambua choroko.

Basi Byabato akaanza kazi, mimi nikarudi Kahororo kupalilia migomba yangu michache. Wivu, jamani, acheni tu! Nilimwonea wivu shati lake, baiskeli yake, hata vumbi la kahawa kwenye nywele zake. Mke wangu Klaudia hakunisaidia. Kila jioni alikuwa na habari za mwenzangu. Na huyo mwenzangu kila Jumamosi alituletea nusu kilo ya sukari, anaiweka mezani.

Ndipo akaugua, akakonda. Ilikuwa malaria, na nilijua ni malaria, maana mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Hata hivyo nilikwenda Miembeni, nikamnong'oneza Dhirubhai kwamba Byabato ana Juliana, kama tulivyouita ukimwi. Miaka ile karibu kila kibanja kilikuwa na kaburi bichi migombani, na jina hilo halikuhitaji maelezo. Dhirubhai aliweka kalamu chini. Niliiona kazi ikinijia, naapa niliiona.

Manorama hakuinua macho kutoka kwenye ungo wake. "Mwijage," alisema, "damu ya Byabato si uliimeza wewe?"

Hakuna aliyenifokea. Dhirubhai alikichukua kwa kipande cha gazeti kikombe nilichokuwa nimenywea chai, akakitupa nyuma ya duka. Kesho yake Byabato aliachishwa, akaajiriwa mtu wa Maruku. Jumapili, kanisani, Klaudia alikaa benchi zima peke yake. Watu walikuwa wamekumbuka omukago wetu, na mimi ndiye niliyewakumbusha.

Jumatatu Byabato alikuja kwa miguu, kachoka. Aliweka nusu kilo ya sukari mezani, akaketi.

"Kuna mtu kanizushia," alisema. "Yangu yamepita. Ila damu yangu imekuponza na wewe, ndugu yangu, una watoto na huna kazi. Nimekuja kukuomba radhi."

Klaudia alikuwa amesimama mlangoni, ameshika birika, ananitazama. Nilikuwa na neno la kusema, nalo lilikuwa fupi.

Nikamwambia nimemsamehe.

Akashukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha Klaudia akatumiminia chai, nasi tukainywa mpaka ikaisha.