Siku Bibi Aliposafishwa

Shemeji alikuwa mtu wa kupaka rangi. Chochote alichokikuta kimesimama alikipaka, na kilicholala alikitundikia kibao. Fundi alimdharau tangu siku ya kwanza dada yake alipomleta kiwandani, amevaa viatu vyeupe, akauliza pa kunawa kabla hata hajashika kitu.

Tatizo ni kwamba biashara ilikua. Hilo lilimkera Fundi kuliko viatu. Enzi za mama yao kiwanda kilikuwa banda moja la mabati, chungu kimoja cha shaba cha kukenekea, yaani kuchemsha pombe na kunasa mvuke wake, na mapipa mawili makubwa ya mbao ambamo molasi ilichacha. Mama alikeneka ramu, akaziuzia baa mbili za mtaani, basi. Alipofariki aliwaachia watoto wake wawili sawa kwa sawa: Fundi akashika mtambo, mdogo wake wa kike akashika funguo. Kisha yule mdogo akaolewa, na Shemeji, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza magodoro, akaingia na maneno yake. Akaleta kibali. Akaleta chupa zenye mabega na lebo yenye picha ya mama akitabasamu, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya akiwa kazini. Katika miaka minane banda likawa mabanda matatu, chungu kikawa vyungu vitatu, wafanyakazi wakafika kumi na wanne. Ramu ilitoka haraka kiasi kwamba ghalani halikubaki pipa la zamani hata moja. Na kila Jumamosi wageni walilipa kiingilio ili waje kunusa.

"Wanalipa wanuse?" Fundi aliuliza.

"Wanalipia hadithi, shemeji."

"Hadithi gani? Mimi nachemsha molasi iliyochacha."

"Hiyo usiwaambie."

Nyuma ya banda la kwanza kulikuwa na shimo, kina chake kifuani kwa mtu mzima, kuta zake mbao, na ndani yake uji mweusi uliokuwa ukitoa mapovu taratibu kama mtu anayeota ndoto mbaya. Mama alilichimba Fundi akiwa hajaota ndevu. Kila baada ya kukeneka alilimwagia mashapo yaliyobaki chunguni, yakiwa bado yanatoa mvuke, akaongeza maganda ya miwa na ndizi zilizooza. Familia ililiita Bibi, kwa kuwa lilikuwa zee, lilinuka, na lilikula kabla ya mtu mwingine yeyote. "Bibi amekula?" mama aliuliza kila jioni, na kama hajala hakuna aliyeketi mezani. Kila pipa la molasi lilipoanza kuchacha lilipewa ndoo moja kutoka kwa Bibi. Ndoo hiyo ndiyo iliyoipa ramu yao harufu yake: nanasi lililopitiliza, ngozi mpya, na kitu kingine ambacho wanywaji walishindwa kukitaja, wakaagiza glasi ya pili wakakitafute vizuri.

Fundi akaugua ngiri. Akalazwa, akapasuliwa, akakaa wodini siku tisa huku dada yake akimuuguza, na kiwanda kikabaki mikononi mwa Shemeji.

Siku aliporudi alijua kabla hajafika getini. Hakunusa kitu.

Alizunguka nyuma ya banda huku ameshika tumbo. Mahali pa Bibi palikuwa na bwawa la vigae vya buluu, kibomba kikirusha maji juu, na samaki sita wekundu. Shemeji alisimama kando, mikono nyuma, kama mhudumu anayesubiri bakshishi.

"Pole na kisu, shemeji. Unaonaje?"

"Bibi yuko wapi?"

"Gari la majitaka limemchukua. Safari mbili, hebu fikiria. Halafu tukasugua kwa klorini siku nzima, hapa na kwenye mapipa yote. Mnunuzi wa mahoteli anakuja baada ya miezi mitatu, siwezi kumpitisha kwenye uvundo ule."

"Umemmwaga."

"Nimemsafisha."

Fundi alimgeukia dada yake, aliyekuwa amemleta kutoka hospitali. "Unaona ulichotuletea? Mumeo ameing'oa ini hii kampuni akaweka samaki."

 Dada aliketi kwenye ukingo wa vigae, funguo mapajani, kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Wafanyakazi wanne walikuwa wamesogea, kila mmoja akijifanya ana shughuli ya chupa.

"Lakini nilikuuliza," Shemeji alisema. "Mwaka jana, hapahapa. Nikasema, shemeji, hili shimo ni la nini? Ukaniambia: la taka, tunasubiri mwenye akili aje alizibe."

Mfanyakazi mmoja alikohoa kuficha kicheko. Fundi alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo hasa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye akalala siku ile ameridhika kama aliyeshiba.

"Nilikuwa nakukejeli."

"Nitajuaje? Wewe hunipi neno lisilo na kejeli. Huwa nayachambua nikitafuta la maana. Hilo nililiona la maana."

"Mdomo uliponza kichwa, kaka," dada yake alisema.

"Ningemweleza nini huyu? Ni kumpigia mbuzi gitaa."

"Na mimi? Mimi nami mbuzi? Nimekubebea ndoo miaka ishirini. Unatia lini, kiasi gani, kwa nini, hujawahi kuniambia. Nikiuliza unanijibu, kwani huoni? Ningekuwa najua, hata yeye angejua, usiku tunaongea nini sisi?"

Fundi aliwapa mgongo. Aliingia kwenye banda, akainama kwa shida, akachachusha pipa jipya kwa kile kilichokuwapo: molasi, maji na hamira ya dukani.

Ramu iliyotoka ilikuwa safi, na hiyo ndiyo sifa yake pekee. Ilichoma ulimi ikapita zake, kama mgeni asiyesalimia. Fundi aliitema sakafuni. Shemeji hakutema. Alileta kichupa cha arki ya vanila na kingine cha karameli, akapima kwa kijiko cha chai, akakoroga, akaonja, akafumba macho kwa utamu.

"Keki," Fundi alisema. "Umetengeneza keki inayolewesha."

"Watu wanapenda keki, shemeji."

Sasa ulikuwepo mwiko mmoja, wa mama. Hakuna pipa lililotoka getini bila mkeneka ramu kuchora mstari wa mkaa kwenye kifuniko kwa mkono wake. Mstari ulimaanisha: hii nimeionja, na nikikutana na mnywaji njiani sitavuka barabara kumkwepa. Hata Shemeji hakuwahi kuugusa mkaa ule. Kwa hiyo mnunuzi wa mahoteli alipofika, mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni, mapipa arobaini yalikuwa yamepangwa ghalani, vifuniko vyake vitupu, na Fundi amekaa juu ya la kwanza kama kuku anayeatamia.

Mnunuzi akaonja. Akaonja tena. Shemeji akaanza kusimulia juu ya mama aliyekuwa akitabasamu.

"Bibie," Fundi alimkatiza, "hiyo siyo ramu yetu. Imetiwa arki. Ya kwetu imeondoka na gari la majitaka."

Shemeji alifumba macho.  Mnunuzi aliweka glasi chini bila haraka.

"Ya kwenu niliionja mwaka jana," alisema. "Nilipiga mswaki mara mbili. Hii wageni wangu wataimaliza. Naweza kupata arobaini kila mwezi?"

Fundi alimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa anayekula sabuni. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa aibu, kwa ugomvi. Si kwa oda.

Mnunuzi alipotoka kwenda kuwapiga picha samaki, Shemeji alisema taratibu, "Imebaki alama tu."

"Siweki."

"Watu kumi na wanne wanakula hapa, kaka," dada yake alisema.

"Wale. Mimi siweki."

Dada alimwomba asimame, akasimama. Akachukua mkaa kwenye kopo lake ukutani, akachora mstari kwenye kifuniko cha kwanza, kisha cha pili.  Mistari yake ilinyooka kuliko ya Fundi, naye aliliona hilo.

"Na mimi ni mtoto wake," dada alisema akiwa kwenye pipa la saba. "Hii ni keki, najua. Nikikutana na mnywaji nitamwambia ni keki. Wewe unataka nini?"

"Chungu cha mama. Pipa moja la mbao. Na mahali pa kuchimba shimo."

"Chimba nyuma ya stoo. Ila utanifundisha, kila kitu, kwa maneno. Na matusi hayahesabiwi kuwa maneno."

"Litachukua miaka hilo shimo."

"Ndiyo maana nimeleta daftari."

Vijana wa kubeba mapipa walichimba, kwa kuwa mshono wa Fundi ulikuwa bado unauma. Shemeji alipita mara mbili, leso puani, ingawa hakukuwa na cha kunusa zaidi ya udongo. Alitaka kujua kama kibao kitahitajika. Fundi alimwambia atafute ukuta akaupake rangi, na dada yake akamkumbusha kwamba hilo nalo ni tusi, halikuandikwa daftarini.

Kisha Fundi akakeneka mkupuo mdogo kwenye chungu cha mama, akateka ndoo ya mashapo, akaimwaga shimoni ikitoa mvuke. Dada alikuwa amechuchumaa ukingoni na kalamu yake.

"Kwa nini ya moto? Kwa nini usiyaache yapoe?"

Kwani huoni, lilimfika Fundi kwenye ulimi, akalimeza. Alifungua mdomo amweleze. Alikaa hivyo, mdomo wazi, ndoo mkononi.

"Sijui," alisema hatimaye. "Mama alimwaga ya moto. Siku moja nilimuuliza sababu, akaniita bwege. Sikuuliza tena."

Kalamu ilisimama. Dada alimtazama kaka yake bila huruma yoyote.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unatucheka kwa kutojua usichokijua wewe mwenyewe."

"Andika tu," Fundi alisema. "Ya moto."

Akaandika. Halafu pembeni, kwa herufi kubwa kidogo, akaweka alama ya kuuliza.