Mpaka Msimu Upite

Saa nne asubuhi, katika mkahawa wa Tonka pale Stobreč, kitongoji kilichopakana na mji wa Split, watu hula marenda. Ni chakula cha katikati ya asubuhi, cha bei nafuu, cha mafundi, wavuvi na makarani wa posta. Siku hiyo kulikuwa na maharagwe yaliyopikwa na tambi. Tonka alipakua sahani kumi na moja, kisha akachukua kijiko cha chai, akachota haragwe moja na kipande cha tambi, akavipuliza vipoe, akavitia ndani ya kizibo cha chupa. Akakipeleka kwenye kabati la vyombo na kuvuta droo ya pili.

"Marenda, mjomba."

"Ahsante, mwanangu." Mzee Jere alikuwa ameketi juu ya kibanio cha nguo alichokigeuza kiti. Akaonja. "Leo chumvi umeitia kwa mkono mzito."

Jere alikuwa seremala wa meli, na meza zote za mkahawa huo ni kazi ya mikono yake. Mama yake Tonka alimpangisha ghorofa ya juu, vyumba vitatu vinavyotazama bahari. Siku ya kufa kwake alimshika binti yake mkono akamwambia: Jere asitolewe nyumba hii, na marenda yake isikatwe. Tonka akaapa. Kiapo hicho hajakivunja mpaka leo, na hilo ndilo linalomtesa, maana hana hata dhambi yenye jina ya kumpelekea padri.

Pale Stobreč, kila Juni walimu na wauguzi waliopanga hufunga virago kuwapisha watalii, wakarudi Oktoba. Hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo miaka saba iliyopita Tonka alipanda ngazi, akasimama mlangoni kwa mzee.

"Mjomba, nakuomba hicho chumba cha mbele. Mpaka msimu upite tu."

Mzee akahamia chumba cha kati. Msimu ulipopita, chumba cha mbele kilikuwa na rangi nyeupe na kiyoyozi, na haikufaa tena kumrudisha humo mtu anayevuta kiko. Mzee naye alikuwa amepungua shubiri moja. Daktari alimpima, akaandika kwamba ana afya njema na kimo chake kinalingana na makazi yake.

Mwaka uliofuata kikaenda chumba cha kati. Kisha cha nyuma, kisha stoo ya mvinyo, kisha sanduku la viazi. Kila mara Tonka aliomba kwa maneno yale yale, na kila mara mzee alitoa futi yake ya kukunja, akapima mahali anapohamia, akapunguza kitanda kwa msumeno. Hakunung'unika hata siku moja. Laiti angenung'unika! Tonka angepata cha kumjibu.

Aibu ilimkwama kooni kama mwiba wa dagaa. Mwanzoni alijaribu kuitibu kwa upawa, akimjazia mzee sahani mpaka inafurika. Lakini mtu hula kadiri ya tumbo lake, na la Jere lilikuwa limebaki kama njegere. Mabaki aliyamaliza Tonka mwenyewe, amesimama jikoni, machozi yakidondokea mchuzi.

Jirani yake Zorka, mwenye vyumba sita vya kupangisha, alikuja kuazima mashuka, akachungulia ndani ya droo na kumwamkia mzee.

"Wewe Tonka una roho ya malaika," alisema. "Mpangaji wangu mimi nilimtoa na godoro lake."

"Usiniite malaika."

"Sasa nikuiteje? Mzee ana paa, ana chakula. Wangapi hapa wana hivyo?"

Sifa hizo zilimchoma kuliko tusi. "Msimu ukiisha namrudishia chumba cha nyuma," alisema Tonka.

"Msimu upi, shoga yangu? Siku hizi wanakuja hata Krismasi." Zorka akachukua mashuka, akaenda zake.

Juma hilo hilo wageni wa juu walikuwa sita, na visu na uma vyao havikuwa na pa kukaa. Tonka alisimama mbele ya kabati akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo.

"Mjomba..."

Mzee aliweka kizibo chini. "Ni droo?"

"Ni vyombo vya wageni. Mpaka..."

"Mpaka msimu upite," alimalizia mzee kwa upole, kama anayemkumbushia mtoto sala. "Unanipeleka wapi?"

Tonka akamwonyesha kisanduku cha kibiriti. Alikuwa ameshakitandika pamba tangu jana yake. Mzee alishuka, akakunjua futi, akapima urefu, akapima upana.

"Patatosha," alisema. "Ila nipe siku mbili nipungue."

Tonka alitaka kumwambia abaki. Neno lilimfika kwenye meno. Juu, watoto wa wageni walikuwa wakiburuta kiti katika chumba cha mbele, na sauti ya mwanamke ikauliza kama uma zimepatikana.

"Zinakuja," alijibu Tonka.

Baada ya siku mbili, saa nne, alipakua sahani kumi na moja. Kisha akaliweka haragwe moja juu ya ubao, akachukua kisu, akalikata katikati.