Waliohamia Kati ya Maneno

Jumatatu asubuhi Festo alipuliza vumbi kwenye kibodi, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na kabla hajagusa herufi hata moja akasalimia, kwanza kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba," Jilala akajibu kutoka ndani ya kompyuta. "Leo unatupeleka wapi?"

"Diski mpya tu. Endeleeni kulala."

Ilikuwa ofisi ya ardhi ya mgodi mmoja kwenye njia ya Ushirombo. Kila mkulima aliyehamishwa alikuwa na folda yake, na ya Jilala iliitwa Shamba la Jilala. Uzio ulipopita katikati ya mihogo yake, mzee alikuja kuuliza amehamishiwa wapi. Festo akatafuta, akamwonyesha kwa kidole kwenye skrini: "Uko hapa, baba." Jilala akainama, akaona pana nafasi kati ya neno la kwanza na la pili, na nyingine kati ya la pili na la tatu. Akarudi kumchukua mkewe Scolastika, mjukuu wao Blessing, na ng'ombe. Watu wakakaa nafasi ya kwanza, ng'ombe ya pili.

Tangu hapo Festo, ambaye kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kujaribu na kukosea, hakuandika jina lile bila alama za nukuu, moja mbele na moja nyuma, kama mtu anayefunga lango la zizi. Bila hizo, kompyuta hukata jina kila inapokuta nafasi, ikadhani imetajiwa folda tatu. Alisahau mara moja tu. Scolastika alishinda kutwa akimtafuta mtamba wake, na mtamba akakutwa kwenye folda ya mishahara. Mhasibu hakugombana na mtu. Aliomba tu mtamba aondolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Saa nne Jumatatu hiyo Mariana, mkuu wa ofisi, alitoka kuongea na makao makuu kwa simu.

"Majina ya folda yasiwe na nafasi, programu yao mpya inakwama. Penye nafasi weka kistari cha chini. Mwisho Ijumaa."

"Na hawa, dada?"

Mariana akavuta kiti, akainamia skrini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Scolastika. "Hicho kistari kina upana gani?"

"Kinajaza nafasi yote, mama."

Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

"Kule kijijini Didia si mna ndugu?" Mariana akauliza.

"Shemeji yangu yupo," akasema Jilala. "Ana shamba la kumtosha yeye na maneno yake."

"Na kule kwenu?"

"Kwetu mmemwaga mawe," akasema Scolastika. "Kisima hakionekani tena."

"Mawe sikuagiza mimi, mama."

"Tunajua, mwanangu. Wewe huwa huagizi kitu."

Mariana akarudisha kiti mahali pake.

Festo alifikiri hadi Alhamisi. Siku hiyo aliandika jina jipya, akaweka vistari viwili kama walivyotaka, na baada ya herufi ya mwisho akabonyeza nafasi mara mbili kabla ya kufunga nukuu. Nafasi ikiwa mwisho wa jina, jicho haliioni, na programu huiruka.

"Hamieni nyuma ya jina," akawaambia. "Taratibu na ndama."

Ijumaa programu ilipita, haikukwama. Mariana alitazama jina, akaona kishale cha kuandikia kimesimama mbali kidogo na herufi ya mwisho. Akapiga simu makao makuu kusema nafasi zimekwisha.

"Huku baridi," Scolastika alilalamika. "Feni inatupuliza moja kwa moja. Na viazi havitaota."

"Hakuna udongo huko, mama."

"Najua. Nasema tu."

Jumatatu iliyofuata uzio ulikuwa umesogezwa tena. Kwenye benchi nje ya ofisi watu walikaa na magodoro yaliyofungwa kamba, na kuku ndani ya tenga. Festo akamkaribisha wa kwanza, akamuuliza jina.

"Kalisti."

Akaliandika.

"Mko wangapi, kaka?"

"Tisa. Na mbuzi."

Festo akaweka kidole kwenye kitufe kirefu cha nafasi, akakishikilia.