Nywele Kwenye Kopo la Oregano

Nesi hakuwa mtu wa kuona kinyaa upesi. Kutwa hospitalini kazi yake ilikuwa kufungua bandeji za watu, kukamua usaha na kufunga upya, kisha kunawa na kwenda kula bila taabu. Lakini unywele aliouchomoa kwenye ulimi wake jioni ile, mfupi, umejikunja, umelowa mchuzi wa nyanya, ulimfanya aikimbilie sinki ya jikoni na kutema kila alichokuwa ametafuna.

Haukuwa wa kwanza. Juzi yake alikuwa ameukuta mwingine, umegandia kwenye jani la oregano, kiungo chake cha mchuzi.

Ile oregano aliipanda mwenyewe kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, akayapanga roshani, na aliipenda kama mtu anavyopenda kitu kisichomlalamikia. Sasa ilikuwa inaumwa. Majani ya chini yalikuwa ya njano, mashina yamekuwa meusi pale yanapoingia udongoni, na ukiyabonyeza yanatoa maji. Alipunguza kumwagilia, maana oregano haitaki miguu iliyolowa. Akayasogeza makopo kwenye jua. Akakata vichwa vya matawi kabla havijatoa maua. Wapi! Udongo ulibaki umelowa kama sponji, na kila asubuhi majani yalikuwa yametobolewa, yamepakwa ute unaong'aa wa konokono uchi, wale wasiobeba nyumba.

Alirudi mezani akijifuta mdomo. Mumewe, kinyozi, alikuwa anaendelea kula. Mkabala naye alikaa dada yake mdogo, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa akiishi nao tangu ahamishiwe shule ya karibu.

"Wifi," Nesi alisema, "hizi nywele ni zako?"

"Nywele gani?"

"Za kwenye chakula. Kila asubuhi unasimama roshani unachana kichwa juu ya mimea yangu. Tumekula nywele zako vya kutosha."

"Mimi nachana juu ya taulo, wifi. Nikimaliza naenda kulikung'utia chooni."

"Basi zina mabawa."

Mwalimu alimtazama kaka yake, akingoja neno. Kinyozi aliinamia sahani. "Jamani, tuleni," alisema, "chakula kinapoa."

Mwalimu aliondoka mezani machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo akawa anachana nywele chumbani, mlango umefungwa, na jioni akirudi na mkate wake anaula hukohuko. Nyumba ikawa ya salamu za mlangoni tu. Kinyozi akajitia hamnazo.

Jumamosi Nesi hakuwa zamu. Alitandaza magazeti roshani, akaligeuza kopo la kwanza ajionee mizizi. Udongo haukumwagika. Ulitoka mzima kama keki, na ndani yake, kuanzia chini ya ukoko wa juu, kulikuwa na nywele. Si unywele mmoja mmoja: zulia. Nyeusi, za mvi, na vipande vya ndevu zilizopakwa rangi nyekundu, zote zimesokotana na kulowa, zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa akafia uvunguni. Mizizi ilikuwa imeoza ndani yake, kahawia, telezi. Akapasua lile bonge kwa kijiko. Konokono walikuwa wamejikunja mle, wanene, juu ya mayai yao yanayong'aa kama kamasi.

Alitapika palepale, juu ya magazeti.

Mvi! Ndevu! Wifi yake hakuwa na ndevu.

Kinyozi aliporudi kula cha mchana alimkuta mkewe amekaa sakafuni, makopo yote yamegeuzwa.

"Ah," alisema. "Umeona."

"Hivi ni vichwa vya nani nimekuwa nikila?"

"Hukula vichwa, mke wangu. Kuna mteja aliniambia nywele ni mbolea, tena zinafukuza konokono. Nikawa nakuja nazo ukiwa zamu, nazifukia. Nilitaka siku moja ushtuke tu imenawiri."

"Zinafukuza konokono?" Nesi alimwonyesha kwa kijiko. "Umewatandikia godoro."

Kinyozi alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake.

"Na mdogo wako?" Nesi aliuliza. "Nilipokuwa namtukana, ulikuwa unajua."

"Nilidhani yatapita. Nikasema nikiongea, nitaharibu zaidi."

"Ukaendelea kutafuna."

Alimtazama ule mdomo, na kichefuchefu kikampanda upya, kibaya kuliko cha konokono. Nywele zingezolewa, sakafu ingesuguliwa kwa dawa. Mwanamume aliyemwacha dada yake abebe mzigo wake ili yeye amalize kula, Nesi hakujua atamsugulia wapi.

"Nenda kamwambie," alisema. "Sasa hivi. Nami nakuja."

Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama kizingitini. Kaka yake alipomaliza kujiumauma, alisema, "Kumbe. Na mkate mkavu wote ule." Kisha akamgeukia Nesi. "Na wewe wifi hukunisikiliza. Ulinihukumu."

"Nilikuhukumu. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

Lakini alivaa glavu, akaja kusaidia. Udongo wote waliutupa, makopo wakayachemshia maji. Nesi alikata ncha chache zilizokuwa bado na afya, akazitoa majani ya chini, akazichomeka kwenye mchanga wenye kokoto, na hakutia maji mpaka kidole akikichomeka mchangani kitoke kikavu. Kinyozi alikatazwa kukanyaga roshani.

Zilishika. Zilipojaza makopo, mawifi wawili walizivuna asubuhi umande ulipokauka, jua halijawa kali, wakaning'iniza mafungu kichwa chini jikoni. Mwalimu ndiye aliyepika. Nesi alichambua jani moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akala kidogo, akaona chakula kinapita.

Kinyozi alifurahi kuona anakula. Akachuma jani bichi kwenye tawi lililokuwa mezani, akalipeleka hadi mdomoni mwa mkewe kama walivyozoea zamani.

Nesi aligeuza uso.

"Nimenawa," Kinyozi alisema.

"Najua."

Kinyozi alibaki na mkono hewani, halafu akalila mwenyewe. Mwalimu alimsogezea wifi yake bakuli la viazi, naye akapakua.