Mruko wa Tatu

Walianza kumpaka rangi masikioni. Verdell Stokes alikuwa amekaa juu ya kreti la machungwa, amevaa kipande cha ngozi ya chui kisichomfika hata nusu ya paja, na mpaka-rangi wa kampuni, mtu wa vidole laini na pumzi ya tumbaku, alimgusagusa kwa sponji kama anayepaka siagi mkate asiotaka kuula. Nyuma ya masikio, shingoni, mabegani, hadi chini ya kwapa. Rangi ilikuwa nyeupe yenye wekundu kidogo, nzito, inanuka mafuta ya nguruwe yaliyochacha. Kila ilipokauka ilimvuta ngozi.

"Usicheke wala usikunje uso," mpaka-rangi akamwonya. "Itapasuka."

"Sijacheka tangu alfajiri," Verdell akajibu.

Hatua hamsini kutoka pale, kwenye kivuli cha mikaratusi, Weusi sitini walioletwa na malori kutoka Central Avenue, mtaa wa Weusi mjini, walikuwa wakisubiri kuitwa. Walivishwa sketi za nyasi juu ya kaptura zao na mifupa ya mbao kwenye nywele. Miongoni mwao alikuwamo mpiga kinanda wa kanisa, wahudumu wawili wa mabehewa ya kulala ya treni, mwanafunzi wa sheria, na mzee mmoja aliyepigana Ufaransa akarudi na nishani. Katika filamu ile wote walikuwa wala watu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Afrika, wala yule aliyeiandika filamu yenyewe.

Cleophus Banks, aliyekuwa chifu wao kwa sababu ya tumbo lake na sauti yake, alisimama akajishika kiuno.

"Jamani, njooni mwone maajabu! Dell katutoka! Mpaka saa mbili asubuhi alikuwa mtu wa kwetu, sasa hivi hata salamu hajibu!"

Kicheko kikazuka chini ya miti.

"Dell, ndugu yangu," Cleophus akaendelea, "ukishafika huko kwao usitusahau. Tuulizie tu lile bwawa la kuogelea tutaruhusiwa lini maji yakiwa masafi."

Hapo kicheko kilipungua. Bwawa la mji lilifunguliwa kwa Weusi siku moja tu kwa juma, na siku yenyewe ilikuwa ile ya mwisho kabla ya kumwaga maji na kusugua sakafu. Verdell hakujifunzia kuruka humo. Alijifunzia Louisiana, kwenye daraja la reli, akiruka mtoni huku treni zikipita mgongoni mwake. Alipokuja California akiwa na miaka ishirini na miwili alisikia kuna mashindano ya kuchagua watakaoiwakilisha nchi kwa kuruka majini. Akafua kaptura yake, akaipiga pasi, akaenda. Mtu wa mlangoni hakumtukana. Alimwambia tu, kwa upole kabisa, kwamba klabu ile ni ya wanachama, na kwamba mlango wa wafagizi uko nyuma. Upole ule ndio uliomkaa kooni miaka kumi na miwili.

Mwaka uleule Dirk Halloran alirudi kutoka ng'ambo na medali tatu za kuogelea. Sasa yeye ndiye aliyekuwa shujaa wa msituni. Mabango yalimwonyesha kifua wazi, simba akiwa miguuni pake, na magazeti yaliapa kwamba kila hatari iliyomo filamuni anaifanya mwenyewe. Ukweli ni kwamba Jumatatu ile Halloran alipanda jabali lililo juu ya ziwa, refu kama jengo la ghorofa sita, akachungulia, kisha akashuka kwa matako akishika majani. Mzungu aliyeajiriwa kuruka badala yake aliruka mara moja akavunjika mfupa wa bega. Ndipo mwongozaji wa filamu, Prescott Lyle, alipowatazama wala watu wake mmoja baada ya mwingine kama mnunuzi wa farasi, akayaona mabega ya Verdell.

"Asubuhi utakuwa shujaa," Lyle alimwambia. "Mchana tutakuosha, uwe yule mshenzi anayemfukuza. Ukishazama majini usiinue uso. Umenielewa, boi?"

Verdell alikuwa na miaka thelathini na minne, mke, binti wawili, na meno yote. Alisema ameelewa.

Mruko wa kwanza ulikuwa safi. Alipiga hatua tatu, akajirusha, akanyooka hewani kama mshale, na maji yakamfunika karibu bila kurusha tone. Alipoibuka, kichwa kimeinama kama alivyoagizwa, alisikia makofi. Wale sitini walikuwa wamesimama ukingoni, wanapiga makofi na vigelegele, na mzee wa Ufaransa anapunga mkuki wake wa bati.

Lyle alinyakua kipaza sauti chake. "Nani amewaambia washenzi wapige makofi?"

Makofi yakafa. Verdell alitoka majini rangi ikimtiririka mapajani, mabaka meusi na meupe mwili mzima.

"Mtazame!" Lyle akapiga kelele. "Nimeomba shujaa, mmeniletea pundamilia! Mpakeni upya!"

Wakampaka upya, mara hii tabaka mbili. Wakati huohuo mafundi walifungua lango la kutolea maji ya ziwa ili kuwapata mamba wawili wa mpira walionasa chini. Walipolifunga, ziwa lilikuwa limeshuka zaidi ya kimo cha mtu. Verdell aliona mstari wa unyevu kwenye mwamba, lakini alikuwa ameshaitwa. Akapanda. Akaruka. Na kule chini, mahali ambapo mara ya kwanza hapakuwa na kitu, kisigino chake kilipiga mti.

Lilikuwa gogo kubwa walilolizamisha wiki iliyopita ili mamba wale walale juu yake. Lingekuwa karibu zaidi kwa shubiri mbili tu, lingempasua kichwa. Alijisukuma juu huku damu ikimtoka mguuni, na sauti ya kwanza kumpokea ilikuwa ya kile kipaza sauti: "Kichwa chini, boi! Kichwa chini!"

Hakuwa amepanga kufanya alichofanya. Mkono wake ulikwenda wenyewe kichwani, ukavua nywele za bandia alizovishwa, ukazitupa. Kisha akainua uso. Rangi ilikuwa imemtoka kuanzia paji hadi kidevu, na akaielekeza sura yake, ya kwake mwenyewe, kwenye jicho la kamera, akaitazama bila kupepesa mpaka mpigapicha akaizima.

Lyle alimfuata hadi kwenye maji, na viatu vyake.

"Umeniharibia mkanda! Unajua ulichofanya?"

"Maji yamepungua, bwana. Kuna gogo pale chini, upande wa kulia. Nimeumia."

"Nimekuleta uruke. Kupima maji nimekuomba?"

"Siruki tena."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, Bwana Lyle. Siruki tena na uso wangu chini."

Lyle alimtazama, kisha akacheka kwa pua. "Basi umeshamaliza kazi mji huu. Si hapa tu. Nitahakikisha hata ufagio hupewi."

Hapo ndipo Halloran alipoinuka kwenye kiti chake cha turubai, mbali na maji. Asubuhi nzima alikuwa amekaa pale na taulo shingoni. "Nitaruka mwenyewe," akasema. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko rangi ya kwenye sponji. Lyle akampiga begani, akaagiza kamera mbili ziandaliwe, moja ikitazama jabali na nyingine ikiwatazama wala watu.

Verdell alikaa kwenye mawe akijisugua kwa mchanga na tambara lililolowa mafuta ya taa. Alijisugua mpaka ngozi ikamuwasha. Alikwisha kuvua kile kipande cha chui, akabaki na kaptura yake. Cleophus akachuchumaa karibu naye.

"Umemwambia habari ya gogo?"

"Nimemwambia Lyle."

"Lyle siye anayeruka."

"Mwache."

"Dell."

"Nimesema mwache! Si wameandika kwamba anajua kila kitu? Si bingwa? Medali tatu, Cleo! Bwawa lenye maji masafi kila siku ya maisha yake! Leo na mimi nikamshike mkono?"

Cleophus aliinuka. Aliondoka polepole, nyasi zikimchakachaka kiunoni, akaenda kusimama na wenzake.

Halloran alikuwa katikati ya njia ya jabali. Verdell alimtazama. Alitaka, na alijua kwamba anataka, kuusikia mlio wa mwili ukigonga gogo. Alitaka Lyle ausikie, na mpaka-rangi, na yule mpole wa mlangoni popote alipo, na kila aliyewahi kumwita boi. Hasira ilimjaa mdomoni mpaka akahisi ladha yake, kama mtu aliyeng'ata sarafu. Kisha akamwona Halloran akifika juu, akisogea upande wa kulia, kulekule juu ya gogo.

Akainuka. Alipanda jabali akichechemea na kujitukana kila hatua, kwa matusi ambayo mama yake angemchapa kwayo hata leo. Huruma haikuwamo ndani yake hata chembe. Hasira ilikuwa bado nzima, haijapungua tone. Ila haikutaka kukaa chini imtazame mtu akifa.

"Toka hapo," akamwambia Halloran alipomfikia. "Kulia kuna gogo. Ukiruka hapo, wanakuokota vipande."

Halloran akarudi nyuma kwa kasi. Akachungulia chini. "Ungeweza kuninyamazia."

"Nilikuwa nimenyamaza."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza Verdell aligundua kwamba wamelingana kimo.

"Mimi najua kuogelea," Halloran akasema. "Ni hilo tu. Hayo mengine wanaandika wao."

"Najua wanachoandika. Mimi ndiye ninayekifanya."

Halloran akayageukia maji. "Nionyeshe basi pa kurukia."

"Kushoto. Pale maji yalipo meusi."

"Nionyeshe," akarudia, na safari hii alikuwa kama anaomba.

Kutoka chini Lyle alikuwa akipiga kelele kumwita yule boi ashuke, kamera zimeshawashwa, anaharibu picha. Verdell akasogea kushoto. Kisigino kiliwaka moto alipokikanyagia. Hakuna aliyempa ishara, na hakungoja ishara ya mtu. Alivuta pumzi, akainua mikono, akaruka.

Waliokuwapo walikuja kuusimulia mruko ule Central Avenue kwa vinyozi na kwenye ngazi za kanisa, na kila msimulizi aliongeza kitu. Wengine walisema alijipindua mara mbili, wengine mara tatu. Yeye mwenyewe alikumbuka jambo moja tu, kwamba alipokuwa hewani hapakuwa na kitu kinachomvuta ngozi.

Alipoibuka, makofi yalikuwa yameshaanza. Lyle aliwapigia kelele wanyamaze, na hawakunyamaza.

Halloran alisimama juu ya jabali kwa muda mrefu akiyatazama maji. Kisha akageuka, akashuka kwa njia aliyopandia. Alipita karibu na Verdell, akaenda kwenye kiti chake.

Verdell hakuitwa tena na kampuni ile wala na nyingine yoyote. Lyle alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Mozelle, mkewe, hakumlaumu. Aliongeza nguo za kufua, na mume akapata kibarua cha kupakia ndimu kwenye mabehewa. Jioni alirudi mikono ikinuka ganda la ndimu na uso ameukunja. Alimkasirikia Lyle, akamkasirikia Halloran, akamkasirikia Cleophus aliyeendelea kuwa chifu. Siku nyingine alimkasirikia yule Verdell aliyekaa kimya juu ya kreti akipakwa masikio.

Majira ya kuchipua filamu ilifika Central Avenue. Mozelle hakutaka kwenda. Verdell alitaka. Walikaa safu ya katikati, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa watu na harufu ya karanga.

Cleophus alipotokea akiunguruma lugha ya wala watu, ukumbi ulivunjika mbavu, maana nusu yao walimjua, na waliofanya naye kazi relini walitambua kwamba anataja majina ya stesheni kinyumenyume. Kisha ikaja ile sehemu. Halloran anakimbia, mikuki inamfuata, anafika ukingoni, anainua mikono. Hapo picha ikakatika. Maji yakaonekana yakitikisika, na Halloran akaibuka, nywele zimelala vizuri.

"Ala! Mbona hatukumwona akiruka?" mwanamume mmoja akauliza safu ya nyuma.

"Karuka, bwana. Humwoni alivyolowa?" mwanamke akamjibu.

"Hata mimi nikioga nalowa!"

Watu wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Mozelle alimshika mumewe mkono.

"Twende zetu, Dell."

"Ngoja."

Maana picha ilikuwa imebadilika tena. Ilikuwa ya kamera ya pili, ile iliyotazama ukingoni, na Lyle hakuona kilichomo, au alikiona akakosa kingine cha kuzibia pengo. Wala watu sitini walijaa kwenye pazia la sinema, nyuso zao kubwa kama milango, wakitazama juu. Kisha macho yao yote, kwa pamoja, yakaanza kushuka. Yalishuka yakifuata kitu kimoja, kirefu, chenye kasi, na nyuso zikawa zinafunguka kadiri yalivyoshuka. Mpiga kinanda wa kanisa alikuwa na mkono kifuani. Mzee wa Ufaransa alikuwa ameangusha mkuki. Cleophus, chifu wa wala watu, alikuwa analia waziwazi, mikono yake ikipiga makofi yasiyosikika, kwani juu ya makofi hayo walipachika mlio wa ngoma.

Ukumbini watu wakasogea mbele vitini, kama waliopitiwa na jambo wasilolijua.

"Dell," Mozelle akanong'ona, "wanatazama nini?"

"Mimi," Verdell akamjibu sikioni. Ngoma zilikuwa bado zinalia.