Mchumba Aliyeliwa na Mamba

Perpetua alikuwa saluni pale Mbinga mjini, shela iko mapajani, Festo alipomtumia ujumbe kwamba asimsubiri kanisani. Wageni wa Kitai, kijijini kwao Festo, walikuwa wameshafika na wali umeiva. Haikupita miezi mingi, Festo akamwoa Eunice, binti wa mkubwa mmoja wa siasa, akaanza kuutafuta udiwani.

Perpetua hakulia mbele ya watu. Aliandika mchezo kwa ajili ya kikundi cha maigizo cha parokia. Humo mchumba msaliti alilewa, akampiga mama yake, na mwisho akaliwa na mamba Ziwa Nyasa. Akampelekea Mwalimu Kunigunda, mstaafu aliyesimamia kikundi.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeusoma?"

"Marahaba. Nimeusoma. Mamba nimemwelewa, alikuwa na njaa. Huyu mwanamume je, anatafuta nini?"

"Hatafuti kitu. Ni mtu mbaya tu."

"Basi umeandika gogo. Nani atalichukia gogo? Mpe kitu anachokitamani mpaka kinamnyima usingizi. Kisha mzibie njia."

Perpetua aliondoka amenuna. Kumwandika vizuri kulimaanisha kumkumbuka vizuri, na hilo hakulitaka. Hata hivyo alikumbuka jioni moja Mbamba Bay, Festo akimsimulia walivyomcheka shuleni kwa kaptula yenye viraka. "Nataka siku moja nikiingia mahali, watu wasimame," alisema. Siku ile Perpetua alimpenda zaidi. Sasa aliona pa kuchoma kisu.

Akamfuta mamba. Akaandika mtu anayeogopa kuchekwa kuliko kufa, anayemwacha mchumba wake kwa sababu baba wa msichana mwingine ana viti vya mbele. Kisha yeye mwenyewe akapendekeza Festo awe mgeni rasmi.

Festo aliingia ukumbini na mkewe. Watu wakasimama. "Kaeni tu, ndugu zangu, kaeni," alisema, mkono kifuani, kama alivyozoea katika kila mkutano wake.

Mchezo ukaanza. Salvatory, aliyecheza mchumba, alisimama mbele ya kioo, akainua kidevu, akaweka mkono kifuani. "Kaeni tu, ndugu zangu, kaeni." Akarudia kwa sauti nzito zaidi.

Mwanamke mmoja akacheka nyuma, kisha wote. Festo alitazama kushoto na kulia kama mtoto aliyechaniwa nguo, akainuka, akatoka. Perpetua, nyuma ya pazia, alisikia utamu.

Eunice alibaki hadi mwisho. Alimfuata Perpetua mlangoni.

"Dada, mimi aliniambia wewe ndiye uliyemkimbia."

"Nilikuwa nimeshavaa gauni."

Eunice akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata Festo alimtuma nduguye, Placidi, kuomba mchezo usiende kwingine.

"Mwambie tunaucheza Kitai Jumapili," Perpetua alisema. "Nimeongeza onyesho moja, la saluni."