Ubao wa Kijani

Siku ya uzinduzi, ubao wa kazi wa kampuni yetu hauruhusiwi kuwa na alama nyekundu, ile ya ubovu. Mkurugenzi anailinda desturi hiyo kama mboni ya jicho lake. Kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijatoka, na hii ya kuwakumbusha wagonjwa dawa niliiwekea nyekundu: mtandao ukikatika, husahau kuwa mgonjwa ameshameza, na kumwambia ameze tena. Asubuhi ya uzinduzi nikakuta nyekundu yangu imegeuzwa kijani. Tukapiga makofi.

Tukaamriwa pia kila mfanyakazi aandikishe ndugu mmoja. Nikamwekea programu kwenye simu mama mkubwa, aliyenilea, mgonjwa wa presha. Nilijua ubovu wa programu, nikamwekea hivyo hivyo, nisije nikaonekana mkorofi.

Siku ya tatu malalamiko yakamiminika. Tukaitwa kikaoni. Nilikuwa nimempigia mama mkubwa mara sita, hapatikani. Vigogo wamekaa na fulana zao mpya za kampuni, wametulia tuli, na Mkurugenzi anaonyesha chati.

"Matumizi yamepanda mara mbili! Watu wanaipenda!"

"Yamepanda kwa sababu inawakumbusha mara mbili, bosi," nikasema. "Watu wanazidisha dawa. Tuizime sasa hivi."

"Wewe nawe, kazi yako kuvunja watu moyo! Tukiizima, si tumekiri? Kwanza tuwaandikie wateja taarifa."

Basi watu wazima, na digrii zao, wakatumia saa nzima kubishana kama waandike "hitilafu" au "changamoto ndogo". Neno "pole" likafutwa. Mwanasheria alisema ukishatoa pole umekubali kosa. Mbumbumbu hawa! Kitufe cha kuzimia kilikuwa kwenye kompyuta mbele yao, na hakuna aliyekigusa. Nami nilikuwa nimekaa papo hapo, nimeufyata.

Simu yangu ikaita. Nikatoka mbio hadi kwenye korido.

"Mwanangu," mama mkubwa akasema kwa sauti ya kukatika, "kizunguzungu hiki kitaniua. Nimeshindwa hata kufika mlangoni."

"Umemeza vidonge mara ngapi leo?"

"Mara tatu."

"Mama jamani! Hukukumbuka kuwa umeshameza?"

"Nilikumbuka vizuri tu. Lakini si wewe uliyeniwekea? Nikasema mwanangu hawezi kuniwekea kitu kibovu."